Modeli za Fizikia, Modeli za Akili Unde au Mseto: Kuchagua Chombo cha Kutabiri Hali ya Hewa

Hadi mwanzoni mwa muongo huu, taasisi iliyohitaji utabiri wa hali ya hewa wa dunia nzima kwa siku kumi zijazo ilikuwa na mlango mmoja tu wa kubishia hodi. Ilibidi iupate kutoka kituo chenye kompyuta kuu inayokokotoa milinganyo ya mwendo wa hewa, joto na unyevu, au ijenge kituo cha namna hiyo, jambo ambalo ni nchi chache zinazolimudu. Kuanzia mwaka 2022 mambo yalibadilika kwa kasi. Modeli zinazojifunza kutokana na kumbukumbu za miongo kadhaa zilianza kutoa tabiri zilizokaribia zile za kompyuta kuu, na punde zikazipita katika vipimo vingi, tena kwa kutumia kichakataji kimoja. Baadaye kidogo likajitokeza kundi la tatu, ambalo linaunganisha milinganyo ya fizikia na mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, ndani ya mfumo mmoja.

Ulinganisho huu umekusudiwa wale wanaotakiwa kuamua: idara ya hali ya hewa inayopanga bajeti ya mitambo, kitengo cha kukabili maafa, wasimamizi wa umeme wa upepo na jua, watengenezaji wa programu za kilimo, na watafiti wanaoanza mradi. Nitangulize msimamo wangu, ili msomaji ajue ninakoelekea. Alama za wastani ndizo zinazotangazwa zaidi modeli mpya inapotoka, lakini kwa mtumiaji zina uzito mdogo kuliko mambo mengine matatu: uamuzi unaotegemea utabiri huo, ukubwa wa eneo linalohudumiwa, na hasara itakayopatikana siku utabiri utakapokosea.

## Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni hali ya kuanzia. Kila utabiri huanza na picha ya angahewa kama ilivyo saa hii: kanieneo, jotoridi, upepo na unyevu katika kila pembe ya dunia, kuanzia usawa wa ardhi hadi makumi ya kilomita angani. Picha hiyo hukusanywa kutoka setilaiti, maputo, ndege, meli, maboya na vituo vya ardhini. Vipimo hivyo havikuenea sawasawa na vina makosa yake, hivyo huoanishwa na utabiri uliotangulia ili ipatikane hali moja ambayo sehemu zake hazipingani. Kazi hiyo ya kuoanisha hula sehemu kubwa ya nguvu za kompyuta za kituo, na ni rahisi kusahaulika pale watu wanapolinganisha kasi ya modeli.

Cha pili ni usahihi wa kawaida, yaani ubora wa utabiri katika siku nyingi zisizo na tukio la ajabu, na cha tatu ni matukio makali, kama vile vimbunga, mvua za mafuriko na mawimbi ya joto. Nimevitenga viwili hivi kwa makusudi, kwa kuwa modeli inaweza kuongoza katika kimoja na kuachwa nyuma katika kingine. Cha nne ni undani wa mahali, yaani ukubwa wa mraba mdogo kabisa ambao modeli inauona. Cha tano ni gharama, na humo zinaingia mitambo, umeme, wataalamu na masharti ya leseni.

## Modeli za fizikia

Hali ya kuanzia. Mwaka 1904 mwanasayansi wa Norway, Vilhelm Bjerknes, alieleza kwamba utabiri ni tatizo la hesabu lenye sehemu mbili: kuijua hali ya sasa, kisha kuisogeza mbele kwa kanuni za fizikia. Lewis Fry Richardson wa Uingereza alijaribu kulitatua kwa mkono na kuchapisha matokeo yake mwaka 1922. Hesabu yake ilitoa badiliko la kanieneo la hektopaskali 145 ndani ya saa sita, ilhali siku aliyoichagua, tarehe 20 Mei 1910, kanieneo ya mahali pale ilikaribia kutulia kabisa. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kiini cha tatizo kilikuwa katika takwimu za kuanzia: hazikuwa zimesawazishwa, na mitikisiko ya uongo iliyokuwamo ikakuzwa hadi ikaimeza ishara ya kweli. Vituo vikubwa vya leo vimejengwa juu ya tahadhari hiyo. Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati, kinachojulikana kwa kifupi kama ECMWF, kimekuwa kikitumia tangu mwaka 1997 mbinu ya 4D-Var, ambayo hutafuta hali ya angahewa inayoafikiana na vipimo vyote vilivyopatikana katika kipindi cha saa kadhaa na wakati huohuo kufuata kanuni za fizikia.

Kwa sababu hiyo, mfumo wa fizikia wa dunia nzima hujitegemea kuanzia kipimo hadi utabiri. Modeli za fizikia za eneo dogo hazina sifa hiyo. Programu huria ya WRF, inayotumiwa na idara na vyuo vingi duniani, huazima hali ya kuanzia na hali ya mipakani, yaani hewa inayoingia kutoka nje ya eneo, kutoka modeli ya dunia nzima, na ikiazima picha yenye kosa hulirudisha kosa hilo likiwa limepambwa kwa undani mwingi.

Usahihi wa kawaida. Ubora wa modeli hizi umepanda kwa takriban siku moja kila muongo, yaani utabiri wa siku sita wa leo unalingana kwa ubora na utabiri wa siku tano wa miaka kumi iliyopita. ECMWF huendesha modeli yenye gridi ya kilomita 9, yaani inayoigawa dunia kwa miraba ya upana huo, na tangu Juni 2023 huendesha kwa gridi hiyohiyo tabiri 51 sambamba, kila moja ikianza na hali iliyotofautishwa kidogo, ili mtumiaji aone upana wa mashaka badala ya kupewa jibu moja. Udhaifu uko katika mambo yaliyo madogo kuliko mraba wa gridi. Matone ya mawingu, msukosuko wa hewa karibu na ardhi na kupanda kwa hewa ndani ya wingu la ngurumo hukadiriwa kwa kanuni zilizorahisishwa, na kanuni hizo hukosea kwa mtindo unaojirudia. Ndiyo maana mvua za ukanda wa tropiki, ambazo kwa kiasi kikubwa hutokana na mawingu ya aina hiyo, hutabirika kwa shida kuliko mvua za latitudo za kati zinazoletwa na mifumo mipana ya hewa.

Matukio makali. Hoja kuu ya kuzitetea modeli za fizikia ni kwamba kanuni zake hazina haja ya kuwa zimewahi kuliona tukio. Kimbunga kikali kuliko vyote vilivyorekodiwa kinaweza kujitokeza ndani ya modeli iwapo joto la bahari, unyevu na upepo vinakiruhusu. Hoja hiyo ni nzito, lakini isichukuliwe kuwa dhamana. Mwezi Oktoba 2023 kimbunga Otis kilipanda kutoka dhoruba ya tropiki hadi daraja la 5, ambalo ni la juu kabisa, katika muda wa takriban siku moja, kisha kikapiga Acapulco nchini Meksiko tarehe 25, na modeli kuu za fizikia hazikuonya juu ya ukali huo kwa wakati wa kutosha. Hata hivyo modeli ya fizikia inapokosea, mtabiri mzoefu anaweza kufuatilia chanzo, awe ni unyevu uliokadiriwa chini au mkondo wa upepo uliowekwa mahali pasipo pake, na ufuatiliaji huo una thamani kwa anayewajibika kueleza uamuzi wake mbele ya umma.

Undani wa mahali. Hapa modeli za fizikia zina nguvu iliyokwisha kuthibitishwa. Modeli ya eneo dogo inaweza kuendeshwa kwa gridi ya kilomita 1 hadi 3, kiwango ambacho wingu la ngurumo huanza kukokotolewa lenyewe pasipo kukadiriwa, na ambacho milima, maziwa na pwani huonekana kwa umbo linalokaribia la kweli.

Gharama. Undani huo hulipiwa. Kupunguza upana wa gridi kwa nusu huongeza idadi ya miraba mara nne, na kwa kuwa hatua za muda nazo hulazimika kufupishwa kwa nusu, kazi ya kompyuta hufikia takriban mara nane, hata kabla ya kuongeza tabaka za wima. Programu zenyewe nyingi ni za bure, na matokeo ya modeli ya dunia ya Marekani, GFS, hupatikana bila malipo mara nne kwa siku. Kinachogharimu ni mitambo, umeme, na zaidi ya yote watu wanaojua kuitunza modeli usiku inapogoma.

Zinamfaa nani. Zinaifaa taasisi yenye jukumu la kisheria la kutoa tahadhari, yenye wataalamu wa kudumu, na inayohudumia eneo ambalo milima au pwani hubadilisha hali ya hewa ndani ya kilomita chache. Zinamfaa pia mtafiti anayeuliza kwa nini jambo limetokea.

## Modeli zilizofundishwa kwa data

Hali ya kuanzia. Modeli hizi hazipewi mlinganyo wowote wa mwendo wa hewa. Hupewa kumbukumbu, na kumbukumbu inayotumiwa zaidi ni ERA5 ya ECMWF, inayoeleza angahewa ya dunia saa kwa saa kuanzia mwaka 1940 kwa gridi ya takriban kilomita 31. GraphCast ya Google DeepMind, iliyochapishwa mwaka 2023, ilifundishwa kwa data za 1979 hadi 2017. Hupokea picha mbili, ya sasa na ya saa sita zilizopita, hutoa picha ya saa sita zijazo, kisha hulirudisha jibu lake kama swali jipya hadi ifike siku ya kumi.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona fundo lilipo. ERA5 ni zao la modeli ya fizikia iliyooanishwa na vipimo, na picha ya kuanzia ambayo modeli hizi hupewa kila siku hutoka katika mfumo huohuo wa 4D-Var au unaofanana nao. Kituo cha fizikia kikizimika leo, modeli nyingi zilizofundishwa zitakosa pa kuanzia kesho. Jaribio la kulikata fundo hilo lipo: Aardvark Weather, iliyochapishwa mwaka 2025 na watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, hutoka moja kwa moja kwenye vipimo hadi utabiri bila kupitia modeli ya fizikia, ingawa gridi yake ya nyuzi 1.5 za latitudo na longitudo ni pana mno kwa kazi nyingi za kila siku, na hata yenyewe ilifundishwa kwa msaada wa ERA5.

Usahihi wa kawaida. Takwimu zilizochapishwa ni za kuvutia, na hazina hila. GraphCast iliishinda modeli kuu ya ECMWF ya wakati huo katika asilimia 90 ya vipimo 1,380. GenCast ya Google DeepMind pia, iliyofuata Desemba 2024 na ambayo hutoa tabiri nyingi sambamba hadi siku 15, iliushinda mfumo wa tabiri sambamba wa ECMWF katika asilimia 97.2 ya vipimo 1,320. ECMWF chenyewe hakikukaa kando: modeli yake iliyofundishwa, AIFS, iliingia katika huduma ya kila siku tarehe 25 Februari 2025, na toleo lake la tabiri sambamba likafuata Julai mwaka huohuo.

Ninaposoma asilimia kama hizo husita kidogo, kwa sababu moja inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Kipimo kinachotumika sana ni wastani wa makosa yaliyopigwa mraba. Tuseme modeli imechora dhoruba kwa ukali sahihi, ila imeiweka kilomita 100 kando ya mahali ilipotokea. Kipimo hicho kitaiadhibu mara mbili: mara moja mahali ilipoichora na haikuwapo, na mara nyingine mahali ilipokuwapo na haikuichora. Modeli iliyochora ukungu hafifu wa dhoruba juu ya eneo lote itapata adhabu ndogo zaidi. Kwa hiyo modeli iliyofundishwa kupunguza kosa la aina hiyo hujifunza kulainisha, na kadiri siku za mbele zinavyoongezeka ndivyo picha zake zinavyofifia. Alama hupanda, lakini upepo mkali na mvua kubwa hupungua. GenCast na AIFS ya tabiri sambamba zilibuniwa kwa namna nyingine ya kufundisha ili kuukwepa mtego huo, na picha zao ni kali zaidi. Anayezilinganisha modeli na aangalie kwanza zilifundishwa kupunguza nini.

Mvua inahitaji tahadhari ya peke yake. Mvua iliyomo ndani ya ERA5 kwa sehemu kubwa ni zao la modeli, haikutoka kwenye vyombo vya kupimia mvua, na modeli inayojifunza kutokana nayo hurithi makosa yake.

Matukio makali. Ushahidi hapa una pande mbili. Mwezi Septemba 2023 GraphCast ilionyesha takriban siku tisa kabla kwamba kimbunga Lee kingefika Nova Scotia nchini Kanada, ilhali tabiri za kawaida zilitulia juu ya mahali hapo siku kama sita kabla. Siku tatu za ziada ni nyingi kwa anayehamisha watu. Novemba mwaka huohuo dhoruba Ciarán ilipiga Ulaya ya kaskazini-magharibi, na watafiti waliozipima modeli kadhaa zilizofundishwa walikuta kwamba zilifuata vizuri njia ya dhoruba na umbo lake la jumla, lakini zikakadiria chini upepo wake wa juu kabisa. Kwa lugha ya kazi, modeli hizi husema vizuri kitakwenda wapi kuliko zinavyosema kitapiga kwa nguvu gani.

Utafiti mwingine wa mwaka 2025 uliuliza swali gumu zaidi. Watafiti waliifundisha upya modeli ya FourCastNet baada ya kuondoa vimbunga vyote vya daraja la 3 hadi la 5 katika data za kufundishia, kisha wakaipa hali iliyotangulia kimbunga cha daraja la 5. Modeli haikukifikia kiwango hicho; ilitabiri kimbunga dhaifu zaidi. Vimbunga vikali vya bonde moja la bahari vilipoondolewa na vya mabonde mengine kubakishwa, modeli iliweza kuhamisha ilichojifunza. Matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja kwa chaguo la msomaji: tukio ambalo limewahi kutokea mahali fulani duniani linaweza kutabirika mahali pengine, na tukio lisilo na mfano popote liko hatarini kukosekana bila dalili yoyote ya onyo.

Undani wa mahali. Modeli nyingi za dunia zilizofundishwa zina gridi ya nyuzi 0.25, karibu kilomita 28 penye ikweta, kwa kuwa ndiyo gridi ya data zilizozifunza. Bonde jembamba au kisiwa kidogo hakionekani. Kuna modeli za nyongeza zinazokuza undani, kama CorrDiff ya kampuni ya NVIDIA iliyofundishwa kukuza kutoka kilomita 25 hadi 2 juu ya Taiwan, lakini kila moja huhitaji data nzuri za eneo husika. Kwa muda mfupi sana hali ni tofauti. Modeli ya DeepMind na idara ya hali ya hewa ya Uingereza iliyochapishwa mwaka 2021 husoma picha za rada na kutabiri mvua ya dakika 5 hadi 90 zijazo kwa undani wa kilomita 1, na watabiri zaidi ya 50 walioilinganisha na mbinu nyingine mbili waliiweka ya kwanza katika asilimia 89 ya matukio. Sharti lake ni rada, na pasipo rada hakuna cha kusoma.

Gharama. Hapa tofauti ni kubwa kupita kiasi. GraphCast hutoa siku kumi kwa chini ya dakika moja kwenye kichakataji kimoja, na ECMWF hukadiria kwamba AIFS hutumia nishati ndogo takriban mara 1,000 kuliko modeli ya fizikia kwa utabiri mmoja. Kuifundisha ni jambo jingine: GraphCast ilihitaji wiki kama nne kwenye vichakataji 32 vya kisasa. Wengi hawatafundisha, watachukua iliyokwisha kufundishwa, na hapo leseni hugeuka kuwa jambo la kwanza kusomwa. Pangu-Weather ya Huawei na GraphCast zilitolewa kwa masharti yaliyozuia matumizi ya kibiashara ya modeli iliyofundishwa, ilhali AIFS ilitolewa kwa leseni inayoyaruhusu mradi chanzo kitajwe.

Zinamfaa nani. Zinamfaa mwenye bajeti ndogo anayehitaji picha pana ya siku 3 hadi 15, anayetaka kuendesha tabiri nyingi ili apime uwezekano, na ambaye ana njia nyingine ya kukagua ukali wa tukio linapokaribia.

## Modeli za mseto

Hali ya kuanzia. Mfano unaojulikana zaidi ni NeuralGCM ya Google, iliyochapishwa Julai 2024. Kiini chake hukokotoa mwendo mpana wa hewa kwa milinganyo ya fizikia, na mtandao wa neva huchukua nafasi ya kanuni zile zilizorahisishwa za mambo madogo kuliko gridi. Kama ndugu zake zilizofundishwa, huanza na hali iliyoandaliwa na kituo cha fizikia, kwa hiyo kwa kigezo hiki haijitegemei zaidi yao.

Usahihi wa kawaida. NeuralGCM ilikaribiana na modeli bora za makundi mengine mawili kwa siku 1 hadi 15. Faida yake kubwa ni kwamba fizikia huizuia kutoa hali zinazopingana, kama upepo usioafikiana na kanieneo iliyousababisha, kasoro ambayo imeripotiwa katika baadhi ya modeli zilizofundishwa.

Mseto una sura nyingine, ya unyenyekevu zaidi, ambayo naona haipewi heshima inayostahili. Ni kuchukua utabiri wa fizikia na kuusahihisha kwa takwimu za kituo chako cha kupimia. Mbinu hiyo ilielezwa na Glahn na Lowry mwaka 1972, nusu karne kabla ya GraphCast, na leo hufanywa kwa mitandao ya neva au kwa mbinu nyepesi zaidi. Taasisi yenye miaka kadhaa ya vipimo vya kuaminika inaweza kupata nafuu kubwa kwa njia hii ikiwa na kompyuta ya kawaida ya mezani. Sura ya tatu imejaribiwa Kanada, ambako watafiti wa idara ya mazingira waliivuta modeli yao ya fizikia ifuate mwendo mpana uliotabiriwa na GraphCast, huku undani ukiachwa mikononi mwa fizikia.

Matukio makali. Mseto wa mtindo wa Kanada una mantiki nzuri: njia ya dhoruba hutoka kwenye modeli iliyofundishwa, ukali wake hutoka kwenye fizikia ya gridi ndogo. NeuralGCM yenyewe, kwa sababu ya upana wa gridi yake, si chombo cha kuaminiwa kwa upepo wa juu kabisa wa kimbunga. Usahihishaji kwa vituo nao una mpaka, kwa kuwa kituo ambacho hakijawahi kupima mvua ya kiwango fulani hakiwezi kufundisha namna ya kuisahihisha.

Undani wa mahali. NeuralGCM ilitolewa kwa gridi za nyuzi 2.8, 1.4 na 0.7, ambazo ni pana kuliko za washindani wake. Usahihishaji wa kituo, kinyume chake, una undani mkubwa, ila ni mahali palipo na kipimo pekee.

Gharama. Kuendesha ni rahisi kuliko modeli kamili ya fizikia. Kuirekebisha ni kazi ya wataalamu wachache, kwa kuwa anayeigusa anapaswa kuelewa mienendo ya hewa na ujifunzaji wa mashine kwa pamoja, na mtandao wa neva uliounganishwa vibaya na milinganyo unaweza kuufanya mfumo mzima uyumbe baada ya hatua nyingi. Baadhi ya majaribio marefu ya NeuralGCM yaliyumba hivyo.

Zinamfaa nani. Zinamfaa anayeuliza maswali ya wiki hadi misimu. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo ya India iliwatumia wakulima wapatao milioni 38 ujumbe wa simu kuhusu tarehe ya kuanza kwa monsuni, kwa kuunganisha NeuralGCM, AIFS na takwimu za miaka iliyopita. Swali la lini mvua zitaanza ni la mifumo mipana ya hewa, hivyo gridi pana haikuwa kikwazo.

## Kuchagua kulingana na hali yako

Kama wewe ni idara ya hali ya hewa isiyo na kompyuta kuu, kuanza na modeli iliyofundishwa yenye leseni wazi ni uamuzi wenye busara, mradi fedha utakazookoa zielekezwe kwenye vituo vya kupimia. Kichakataji kimoja kitakupa utabiri wa dunia nzima. Hakitakupa kipimo cha mvua ya bonde lako, na bila kipimo hicho hutajua modeli inakosea kiasi gani wala hutaweza kuisahihisha. Iwapo tayari una timu inayoendesha WRF, usiivunje. Ilishe pia hali ya mipakani kutoka modeli iliyofundishwa, sambamba na ile ya kawaida, kisha uangalie kwa msimu mzima ni ipi inayokupa mvua iliyo karibu na ukweli.

Kitengo cha maafa kinachohudumia pwani yenye vimbunga kinashauriwa kutumia kundi la pili kwa njia na muda wa kufika, kikiwa na siku saba au zaidi mkononi, kisha kuhamia kwenye fizikia ya gridi ndogo kwa ukali kadiri saa zinavyopungua. Makundi hayo mawili yanapotofautiana juu ya ukali, upange kwa lile kali zaidi, maana mwelekeo wa modeli zilizofundishwa wa kukadiria chini umekwisha kujulikana.

Kwa wasimamizi wa umeme, jambo la kwanza ni kuangalia modeli hutoa nini hasa. GraphCast hutoa vipimo vitano tu vya karibu na ardhi, na mionzi ya jua haimo. AIFS ilipoingia katika huduma iliongeza mionzi ya jua na upepo wa mita 100 juu ya ardhi, kimo kinachokaribia cha mitambo mingi ya upepo, hivyo inaweza kutumika bila makadirio ya ziada. Tabiri sambamba zina faida zaidi kuliko utabiri mmoja, kwa kuwa akiba ya umeme hupangwa kwa uwezekano.

Anayetengeneza programu ya kilimo na atenganishe maswali mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Tarehe ya kuanza kwa msimu hujibiwa vizuri na mseto au modeli iliyofundishwa. Kama mvua itanyesha kwenye shamba fulani kesho alasiri ni swali la wingu moja la ngurumo, na modeli ya kilomita 28 haina jibu lake. Rada, au usahihishaji wa kituo kilicho karibu, ndiyo njia ya kufuata, na pasipo vyote viwili programu ionyeshe asilimia ya uwezekano kwa eneo pana.

Mtafiti wa mabadiliko ya tabianchi abaki na fizikia kwa maswali ya miongo ijayo. Waandishi wa NeuralGCM wenyewe walieleza kwamba modeli yao haiwezi kutegemewa kwa tabianchi iliyotofautiana sana na ile iliyoifunza, na onyo hilo linazihusu kwa uzito zaidi modeli zisizo na mlinganyo wowote ndani yake.

Katika hali zote hizo, kabla ya kusaini mkataba au kununua mtambo, chukua msimu mmoja uliokwisha kupita ambao modeli haikufundishwa nao, weka kiwango kinachokuhusu, mathalani mvua ya milimita 50 kwa siku, kisha hesabu mara ambazo kila chombo kilionya na ikanyesha, kilipoonya na isinyeshe, na kiliponyamaza ikanyesha. Idadi hiyo ya mwisho ndiyo ya kuipeleka mezani kwa anayeidhinisha bajeti.